Mbwa ni wa Kukamata, Si wa Kuadhibu

Kisangani, Mangobo, 14 Machi 1964

Kwako mdogo wangu Waziri,

Salamu za nyumba nzima zikufikie huko Bukavu. Mama anaamka salama, ila macho ndiyo yanazidi kufunga. Sasa ananitambua kwa sauti. Mvua imeanza, na paa la jikoni linavuja palepale ulipoliziba mwaka juzi. Tumesikia Nyota ni mjamzito. Mwambie asibebe maji.

Nikuambie sasa kilichonifanya nishike kalamu. Mwanangu Sefu amelazwa hospitali.

Jumanne asubuhi alikuwa kwenye kibanda chake karibu na soko, akiziba tairi la baiskeli. Polisi wakaja wakimtafuta mtu aliyeiba vitambaa katika duka la Mgiriki. Unawajua watu wa hapa, wakiona polisi wanakimbia kwanza, kisha ndipo wanauliza. Sefu naye akakimbia. Hakufika mbali. Polisi mmoja alimwamuru akae chini, akakaa katikati ya njia, mikono juu ya kichwa. Mimi nilikuwa upande wa pili nanunua majani ya pondu. Nilimwona. Alikuwa amekaa, Waziri.

Ndipo Hilaire akaifungua kamba ya mbwa wa polisi. Hilaire wako huyo, uliyemfundisha kazi, aliyekuwa anakula kwetu siku za Idi. Mbwa alikuwa Baron, yule mkubwa wa kijivu. Alimshika paja, na mtoto aliposhusha mkono ajikinge, akaushika mkono. Hilaire alisimama na kamba tupu akitazama. Nilimlilia amwite mbwa wake. Akanijibu taratibu, kama mtu anayengoja chai ipoe: "Mama, ngoja kwanza. Iko anajifunza."

Alimwacha mpaka Sefu akanyamaza.

Daktari amemkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Mwizi mwenyewe alikamatwa Alhamisi, na vitambaa vyote vikapatikana kwake. Kwetu hakuja mtu hata kutupa pole.

Wazungu walipoondoka wewe ndiye uliyeachiwa kazi ya mbwa katika mji huu, ukaishika mpaka ulipohamishwa. Nataka unijibu jambo moja tu: sheria inasema nini?

Dada yako, Fatouma


Bukavu, 9 Aprili 1964

Kwako yaya Fatouma, dada yangu mkubwa,

Barua yako imechelewa njiani, lakini imefika. Sisi tuko wazima. Baridi ya ziwa inamsumbua Nyota, na kila anachokula kinarudi. Nimempa abiria wa ndege dawa ya macho ya mama. Atie matone mawili kabla ya kulala.

Habari ya Sefu imenikata maini. Nilimbeba mgongoni mtoto yule.

Umeniuliza, sitakuficha. Nilifundishwa hivi, nami nikawafundisha hivi. Mbwa anaachiliwa kwa mtu wa kosa kubwa anayetoroka, au mwenye silaha anayekataa kuiweka chini. Mwizi wa vitambaa si mtu wa mbwa. Na hata kwa muuaji, mwenye kamba lazima kwanza atoe onyo kwa sauti, mara mbili, kwa lugha ambayo yule mtu anaisikia, ampe nafasi ya kusimama. Akisimama, akikaa, akilala, basi, mbwa anarudi papo hapo. Mbwa ni wa kukamata, si wa kuadhibu. Adhabu ni ya hakimu.

Haya nimekuambia wewe kama dada, yakae kwako. Kanuni zilikuwa kwenye vitabu vya Kifaransa, na vitabu hivyo havipo tena. Vilichomwa pamoja na mengine wakati wa uhuru. Hilaire ni kijana wa haraka, lakini si mtu mbaya. Nenda kwake na Sefu, mkae, mle sahani moja, neno liishie nyumbani. Ukilipeleka mbele litakuwa kubwa kuliko sisi sote.

Ndugu yako, Waziri


Kisangani, 2 Mei 1964

Mdogo wangu Waziri,

Dawa imefika. Mama anasema inamwasha, kwa hiyo anaamini inafanya kazi. Sefu ametoka hospitali. Anajifunza kushika spana kwa mkono wa kushoto. Jana aliitupa kisimani.

Nilikutii. Nilimchukua tukaenda kwa Hilaire. Mke wake, Clémence, alitutolea viti na kutuletea maji, mwanamke wa adabu, naye ana mimba changa. Hilaire alitoka ndani akijifuta mdomo. Aliutazama mkono wa Sefu muda mrefu. Akasema, "Bon. Utazoea wa kushoto. Mungu alikupa miwili." Clémence aliinamisha uso. Hilaire akarudi ndani kumalizia chakula chake, na sahani moja uliyoisema hatukuiona.

Donc, basi, nimekwenda kwa watu wa mashitaka. Anayeshughulika na kesi yetu ni kijana anaitwa René, amesoma, anasikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza ile sheria kama ulivyoiandika, neno kwa neno, bila kumwonyesha barua. Akaniuliza, "Mama, hiyo kanuni nani anaijua? Hilaire anasema mbwa hushika mpaka pingu zifungwe, ndivyo alivyofundishwa."

Nikamwambia, aliyemfundisha yuko hai, ni commissaire, mkubwa wa polisi huko Bukavu, naye ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Alifurahi. Alisema neno lako moja linatosha, Hilaire atafukuzwa kazi na mbwa watafungwa kamba mjini mote. Si kwa ajili ya Sefu peke yake. Wiki iliyopita waliachia mbwa kwa muuza ndizi za makemba aliyekuwa anagombana na mteja wake.

Ninajua unachokiogopa. Watu wa Mangobo hawajasahau zile fujo za kabla ya uhuru, na nani alikuwa ameshika kamba ya mbwa siku hizo; ukiitaja kanuni, watakuuliza kama wewe uliifuata. Mimi sikuulizi habari ya siku zile. Ninakuuliza ya Sefu tu.

Fatouma


Bukavu, 11 Juni 1964

Yaya Fatouma,

Tunamshukuru Mungu, tuko hai. Nyota amevimba miguu. Nimewatumia gunia la viazi vya huku, mama avipate vikiwa bado vigumu.

Kazi imekuwa nyingi mno. Waasi wamechukua Uvira, na kila siku wanafika wakimbizi kwa malori. Saa hizi serikali inawahitaji polisi wake, wabaya kwa wazuri. Ungengoja kidogo ingekuwa afadhali.

Kijana wako wa mashitaka ameniita. Tumepatana niseme kwa phonie, mwezi ujao, yeye akiwa kwenye redio ya huko nami nikiwa kwenye ya huku. Usiwe na wasiwasi. Nitasema linalofaa.

Kuhusu lile jingine uliloandika, sina la kujibu.

Waziri


Kisangani, 19 Julai 1964

Waziri,

Mama anakusalimu. Hajui ninayoyaandika hapa.

René alituruhusu kukaa katika chumba cha phonie, mimi na Sefu kwenye benchi, Hilaire mlangoni na kofia mkononi. Mashine ilikoroma muda mrefu. Kisha ikatoka sauti yako. Nilitaka kusimama kwa furaha; miaka miwili sijaisikia.

René akakuuliza, mtu akiwa amekwisha kukaa chini, mikono kichwani, mbwa anaruhusiwa?

Ukasema, "Anaruhusiwa. Hata akikaa. Mbwa anamshika mpaka pingu zifungwe. Hilaire alifuata mafundisho yangu."

Akakuuliza, onyo je? Ukasema onyo ni kwa wenye akili ya kusikia. Mtu anayekimbia polisi amekwisha kuonywa na miguu yake. Akakuuliza kama kuna kanuni iliyoandikwa. Mashine ikakoroma tena. Kisha ukasema, "Kanuni ni mimi."

Hilaire alicheka, si kwa nguvu, puani tu. René aliweka kalamu chini akanitazama, nami sikuwa na pa kuficha uso. Angeweza kudhani nilimdanganya tangu mwanzo.

Sefu alininong'oneza, "Mama, ule ni tonton Waziri?" Nikamwambia hapana, si mjomba wake, ni mtu mwingine mwenye sauti kama yake. Amekwisha kuwa mwanaume, hakuniamini, lakini aliitikia kwa kichwa ili nisione haya.

Kesi imefungwa. Kilichobaki ni kosa la Sefu la kukimbia amri ya polisi. Hilaire amepandishwa cheo.

Viazi nimewapa majirani.

Fatouma


Bukavu, 30 Septemba 1964

Yaya wangu mpenzi,

Ninaandika bila kujua barua hii itapita wapi. Tangu Agosti waasi waingie kwenu hakuna ndege, hakuna redio, hakuna abiria. Hapa pia walifika, tukapigana nao barabarani siku mbili, wakarudishwa. Sikuumia. Nyota amejifungua mtoto wa kiume, mzima, anafanana na baba yetu paji la uso.

Niambieni tu kama mko hai. Mama anakula nini? Sefu yuko wapi? Na Hilaire je, mnasikia habari zake? Watu waliotoka huko wanasema polisi wanatafutwa nyumba kwa nyumba.

Yale mengine tutayazungumza siku moja tukiwa uso kwa uso. Kuna mambo karatasi haiwezi kuyabeba.

Ndugu yako, Waziri


Kisangani, 17 Januari 1965

Waziri,

Barua yako ya Septemba imenifikia juzi mkononi mwa askari wa serikali. Hongera ya mtoto. Mungu amkuze.

Mama ametuacha. Alifariki Novemba, siku jeshi liliporudi kuuchukua mji. Hakuguswa na risasi. Milio ilipoanza alikaa kitandani, akauliza kama mlango umefungwa, akalala. Tulimzika uani kwa sababu njia ya makaburini ilikuwa na wanajeshi.

Umeuliza habari za Sefu na Hilaire. Nitakuambia zote, maana nilikuwepo.

Waasi walipoingia, Sefu alijiunga nao siku ya pili. Sikumtuma wala sikumzuia. Walimchanja kifuani, wakampa dawa yao na kofia ya manyoya, akawa anapita sokoni na watu wanampisha. Mkono ule aliokuwa anauficha mfukoni alianza kuuonyesha.

Hilaire walimkuta Septemba, amejificha kwenye migomba karibu na maporomoko ya Tshopo. Walimleta uwanja wa mpira wa Mangobo, mchana, watu wote tukaitwa. Mkubwa wao, kijana tu, alisema leo polisi atahukumiwa kwa sheria yake mwenyewe. Wakamwambia Hilaire akae chini, mikono kichwani. Akakaa. Kisha wakamleta Baron. Alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika. Wakafungua kamba.

Mbwa alikwenda mpaka kwa Hilaire, akamnusa masikio, akalala, akaweka kichwa juu ya magoti yake. Watu wakacheka uwanja mzima. Hilaire alishusha mkono mmoja akamkuna shingo, machozi yanamtoka. Mkubwa wa waasi hakupenda kicheko kile. Alimpiga mbwa risasi palepale, damu ikamrukia Hilaire usoni. Kisha akamgeukia Sefu: "Wewe, utaweza kazi ya mbwa?"

Sefu alichukua panga kwa mkono wa kushoto. Alianza na vidole.

Hilaire hakumtazama Sefu. Alinitazama mimi. Alisema, "Mama Fatouma, unaijua sheria. Waambie." Nami niliijua, Waziri. Ilikuwa imekaa mdomoni tangu Aprili, nikiirudia usiku kama sala: mtu aliyekaa haguswi, adhabu ni ya hakimu. Pengine wangenisikiliza, mimi mama wa Sefu. Pengine wangeniua. Sikusema. Niliutazama uwanja, nikafunga kinywa, na somo hilo nililipata kwako, kwenye benchi la phonie.

Ilichukua muda. Sefu hana nguvu mkono wa kushoto.

Tuliomzika Hilaire ni mimi na Clémence, wawili tu. Hakuna mwanaume aliyethubutu kushika jembe. Tulipomaliza alinawa mikono yake, akaniuliza kwa nini nimekuja.

Ungesema kweli siku ile, Hilaire angefukuzwa kazi, angerudi kwao Yahuma kulima mihogo, leo angekuwa hai anamsema vibaya Sefu kwenye pombe. Sefu angekuwa kibandani kwake anaziba matairi. Sheria ile uliyoikana ilikuwa inamlinda Hilaire pia. Wewe ulidhani ni ya mtoto wangu peke yake.

Sefu hayupo mjini. Usiniulize zaidi ya hapo.

Fatouma


Bukavu, 20 Februari 1965

Yaya Fatouma,

Inna lillahi. Nimemlilia mama siku tatu, na Nyota amelia pamoja nami. Nitasoma hitima nikifika, maana ninakuja: nimeteuliwa kuongoza polisi wa Kisangani. Mwezi wa nne, nikijaliwa, nitalala tena katika nyumba ya baba.

Uliyoyaandika nimeyasoma mara nyingi. Sina hasira na Sefu. Alikuwa kijana katikati ya wakali, nani angekataa. Ila wanajeshi hawapimi hivyo. Wakimpata wao kabla yangu, hakuna atakayemwona tena. Mimi nikimpata kwanza nitamficha Bukavu, ataanza upya. Niamini mara hii.

Anayekuletea barua hii ni sajini Désiré, mtu wangu, anarudi kwa ndege ya jeshi baada ya siku chache. Mpe shati moja la Sefu, lile alilopenda kulivaa. Nyota amepata fundi mzuri, anataka kumshonea nguo kwa kipimo hicho, asije akafika hapa uchi. Usihangaike kulifua. Lifunge tu kwenye karatasi kama lilivyo.

Mtoto ameanza kucheka.

Ndugu yako, Waziri


Kisangani, 8 Machi 1965

Kwako Waziri,

Tunamshukuru Mungu kwa mtoto anayecheka. Nyota mwambie asimlaze chali anaponyonya. Kaburi la mama tumelizungushia matofali.

Sajini wako ni mtu wa maneno mengi akila. Nilimpikia samaki na makemba, naye akatuhadithia habari za Bukavu: ziwa, baridi, na mbwa wapya mliopokea kutoka ng'ambo, ambao hawahitaji kumwona mtu. Wananusishwa nguo yake, alisema, wanaifuata harufu mpaka msituni. Alisema mmewaandaa kwa ajili ya Kisangani. Alisema commissaire ameahidi huko juu kwamba aliyemuua Hilaire atakuwa wa kwanza, na kwa hilo amepewa mji huu. Aliyasema yote hayo akichambua mifupa, bila ubaya. Hajui Sefu ni mtoto wa nani.

Basi shati nimekutumia. Ni lile la mistari, alilolivaa mpaka siku ya kuondoka. Nililitia katika maji yanayochemka, nikalisugua kwa sabuni ya majivu mpaka rangi ikatoka, nikalianika juani, nikalichemsha tena. Kisha nikalipiga pasi. Fundi wa Nyota ataona mishono vizuri.

Nilikuandikia habari ya Sefu kwa uchungu, kama mtu anayemtapikia ndugu yake kwa kuwa hana mwingine. Wewe ukaifanya kazi. Nimekwisha kulia kwa hilo, sitalia tena katika barua. Neno moja tu. Siku utakapomfikia, na huenda ukamfikia, atakaa chini. Ninamjua, amechoka. Atakaa na kuweka mikono kichwani, ule mzima na ule uliokatwa. Amefanya kosa kubwa kuliko la vitambaa, na hakimu amhukumu, sitamwombea kwa hakimu. Lakini kamba itakuwa mkononi mwako wewe, si mwa Hilaire, na hakutakuwa na phonie.

Nyumba ya baba ni yako pia, siwezi kukufungia mlango. Ila ujue kwamba Clémence anakaa kwangu. Nyumba yao iliungua Novemba, na njia ya Yahuma haipitiki. Alijifungua hapa, mtoto wa kike, kwenye kitanda cha mama. Ndiye anayepika siku hizi.

Sikumficha kitu. Anajua nani alimuua mume wake, na anajua nani alisema maneno gani kwenye phonie. Haya yote nilimweleza mwenyewe, tukiwa tunatwanga pondu. Alitwanga tu mpaka ikawa uji. Tangu siku hiyo jina la Sefu hajalitaja.

Lako analitaja. Kila asubuhi akiwasha moto ananiuliza utafika lini, na unapenda kula nini.

Dada yako, Fatouma